Maneno ya Mama, Sahihi ya Mtoto

Duka langu ni steshenari ndogo hapa Mwanza, jirani na mahakama ya mwanzo. Natoa kopi, nachapa, nalaminisha, nauza bahasha za kaki na kalamu za bluu. Wateja wa asubuhi ni watu wenye mashaka: anayetafuta mdhamini, anayetaka kopi ya kitambulisho cha NIDA, anayekimbizana na barua ya mwenyekiti wa mtaa kabla hakimu hajaingia. Makosa ya vijana nimeyazoea. Wazazi wao ndio ambao bado wananishangaza.

Barua za msamaha ndizo nyingi. Kijana kala hela ya tajiri, kavunja kioo cha haisi ya watu, kampiga mwenzake chupa baa, kakutwa na simu ya wizi. Upande wa pili umekubali yaishe, ila unataka maandishi. Basi wanakuja. Mwenye kosa anabaki kwenye benchi nje. Anayeingia na kuvuta stuli ni mama. Baba akiwepo husimama mlangoni akitazama barabara, kama mtu aliyesindikiza tu. Halafu mama ananitajia cha kuandika.

"Andika: mimi nimekosa, naomba radhi kwa moyo wangu wote, na sitarudia tena."

"Mimi nani, mama?"

"We andika, mwanangu. Atasaini."

Naandika. Ukurasa ni elfu moja, kurekebisha ni bure. Ikitoka kwenye printa kijana anaitwa, anapewa kalamu, anaweka sahihi bila kusoma hata mstari. Kuna mmoja nilimwambia asome kwanza, maana ni yeye anayeapa humo. Akaniuliza kama nina chaja ya taipu C.

Ukilizungumza jambo hili kijiweni, dakika tano haziishi watu wameshafika kwenye fimbo, malezi ya zamani na utandawazi. Yote hayo yana wasemaji wake. Mimi nimekaa nyuma ya kompyuta muda wa kutosha kuwa na swali jingine, la mhasibu zaidi kuliko la mlezi: mzazi akishalifuta deni la mtoto wake, deni lile limeandikwa kwa nani? Kwa sababu kwenye karatasi ninazochapa jina la kijana haliko peke yake kamwe.

Kuna mama anayeuza dagaa Mwaloni, pale Kirumba. Aliyewahi kufika anajua jinsi magunia yanavyopangwa, na jinsi wanunuzi kutoka Congo na Burundi wanavyochambua kiganjani kabla ya kutaja bei. Mama huyu ni mtu wa pale hasa. Sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Kijana wake alipewa na tajiri zaidi ya milioni moja akakusanye mzigo visiwani. Hela ya namna hiyo ina kalenda yake: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa kazi inalala, kwa hiyo hela lazima ifike kambini kabla giza halijaanza. Hela ile haikuvuka maji. Iliingia kwenye kandege, ule mchezo wa kwenye simu ambao kindege kinapaa na hela inaongezeka, na ukichelewa kutoa kinaondoka nayo. Kabla ya kandege ilikuwa mikeka, ile ya kubashiri mechi, ikachanika. Kandege ilikuwa ya kurudisha kilichopotea kwenye mikeka.

Tajiri akafungua jalada. Mama akaenda kwa wakopeshaji wa mtaani, wale wa kausha damu, akaandikisha jokofu, televisheni na sofa, akapewa pungufu ya alichoomba na marejesho ya kila siku. Alikuja kwangu na noti zimefungwa kwenye pindo la kanga. Akazifungua juu ya meza yangu, akahesabu, akalamba kidole, akahesabu tena, mimi nikiendelea kuchapa. Barua ilikuwa na ule mstari wa "nilipitiwa na shetani". Nimeuchapa mara nyingi kiasi kwamba nikishaandika "nilipi" kompyuta inanimalizia.

Yakaisha. Msimu mwingine wakarudi. Tajiri tofauti, kosa lile lile. Sikuandika barua upya. Nilifungua faili la zamani, nikabadilisha jina la anayeombwa radhi, tarehe na kiasi, na shetani nikamwacha alipokuwa.

Barua iliyonikaa kichwani, lakini, ni nyingine kabisa, na aliyeileta ni mama huyo huyo. Ana binti, wakati huo alikuwa kidato cha pili, bweni, shule ya kulipia. Mama akavuta stuli, akaniambia niandike kwa mkuu wa shule kuomba kumwondoa binti ahamie ya kutwa karibu na nyumbani. Sababu: hali ya uchumi ya familia. Binti alikuwa amesimama pale ndani, sio kwenye benchi. Alisoma barua yote. Akanionyesha kwamba nimekosea herufi kwenye jina la shule. Nikarekebisha, akasema "asante kaka", akaikunja mara tatu, akaitia kwenye daftari.

Kwenye barua ile hakuna palipoandikwa mtu aliyekosa.

Tangu hapo nimekuwa nikiwatazama watoto wa namna ile. Karibu kila nyumba inayoleta barua za msamaha inaye mmoja. Ni mtoto asiyesumbua. Wazazi wanamsema vizuri: huyu hana neno, huyu ananielewa. Na kwa kuwa ananielewa, kiatu chake kinasubiri, ada yake inapunguzwa, zamu yake ya kupelekwa hospitali inasogezwa mpaka mwisho wa mwezi. Aliyeharibu analipiwa, na anayelipa ni aliyetulia. Mama hasemi uongo anaposema anawapenda wote sawa. Ila hela ni ile ile moja, na mwenye moto ndiye anayekimbiliwa.

Sitaki nionekane kama nawacheka kina mama hawa. Nawajua, na najua wanachokiogopa. Mtu aliyekulia sehemu tulivu atasema: mwache kijana akamatwe, akae ndani siku mbili, atajifunza. Huku kwetu kuna kitu kinatangulia kabla ya polisi. Taarifa zetu zinakiita "wananchi wenye hasira kali". Mtu akiitiwa mwizi sokoni, kinachofuata kinaweza kuwa mawe, matofali, tairi na petroli, na hakuna mstari wa utetezi. Mama anayemlipa tajiri usiku usiku analinunua lile neno moja lisitamkwe mbele ya umati. Ukimwambia kuhusu mtoto kujifunza kutokana na kosa lake atakuangalia tu. Kosa likikuua hujifunzi chochote. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wanaoutamka usemi huo dukani kwangu hawautamki kama pambo.

Kwa hiyo sipimi mapenzi. Napima njia.

Na kuhusu njia, sheria yetu ina jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa na hatia mtu anayempokea au kumsaidia mkosaji, akijua amekosa, ili akwepe adhabu. Halafu inatoa msamaha: mke hana hatia kwa kumsaidia mumewe, na mume vivyo hivyo kwa mkewe. Mama hayumo. Baba hayumo. Mke wa miezi miwili anaweza kumficha bwana wake uvunguni na sheria ikageuza uso, ila mama aliyembeba miezi tisa akimficha mwanawe kwa shangazi, naye anatafutwa. Nilipomwonyesha kipengele hicho fundi cherehani jirani yangu alikataa kuamini mpaka nikamchapia kopi.

Kwingine wamekata shauri tofauti. Ujerumani, anayemwepusha ndugu yake wa karibu na adhabu haadhibiwi, na mzazi yumo ndani ya hesabu hiyo. Ufaransa nako, mzazi aliyempa hifadhi mwanawe mwenye kosa kubwa anasamehewa na sheria yenyewe. Wajerumani waliitawala Mwanza hii, jina la Bismarck wakaliacha kwenye lile jiwe la ziwani ambalo kila mgeni anapigia picha. Wakaja Waingereza, na sheria tunayotumia jinai mpaka leo mizizi yake ni huko kwa Waingereza. Namwambia fundi: Wajerumani wangechelewa kidogo kuondoka, kina mama wa Kirumba wangekuwa salama zaidi. Anacheka, lakini kipengele kile bado kinamuudhi.

Mimi naona Wajerumani na Wafaransa wamekielewa kitu. Kumwambia mzazi amkabidhi mwanawe ni kumwagiza jambo ambalo wengi hawataliweza, na sheria inayowataka watu wasichokiweza inawafundisha tu kuizunguka. Lakini hata huko msamaha una mwisho. Unasamehewa kwa kumficha wako. Ukimsingizia wa mwenzio, hilo ni kosa jingine linalojitegemea, na mapenzi ya mzazi hayakuokoi.

Kuna mambo mengine wazazi wanayaogopa bure kwa kutojua. Alikuja mama na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kijana wake. Akaifungua taratibu, akaweka ukucha juu ya mwaka. Alitaka niubadilishe, kijana apungue miaka miwili: ana kumi na tisa, awe na kumi na saba. Mtu kamwambia kwamba chini ya kumi na nane hafungwi. Nilikataa, bila shaka. Hiyo ni kughushi, na mimi nina watoto wa kulisha. Ila aliyemwambia hakumdanganya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Shauri lake linasikilizwa mahakama ya watoto, faraghani, mzazi akiwepo na afisa ustawi wa jamii akihusishwa. Wanaopelekwa mbali hupelekwa shule ya maadilisho Irambo, kule Mbeya, na hiyo ni shule, si gereza.

Kinachonisikitisha ni kwamba wenye watoto wa kumi na tano na kumi na sita, ambao sheria hii ni yao hasa, ndio wanaowasafirisha usiku. Wanasikia "kituoni" wanaona gereza la Butimba. Mtoto anatiwa kwenye basi, Kahama kwa mjomba, Geita machimboni. Kule hakuna afisa ustawi wala hakimu. Kuna shimo, na kuna watu wazima wasiomjua mama yake.

Kusafirisha si kwetu tu. Marekani, jimbo la Texas, Juni 2013, kijana wa miaka 16 aitwaye Ethan Couch aliendesha gari akiwa amelewa akaua watu wanne. Upande wake ukamleta mwanasaikolojia aliyeeleza kwamba kijana kalelewa kitajiri mno hata hajui kwamba matendo yana matokeo. Akapewa kifungo cha nje, miaka kumi. Mwishoni mwa 2015, alipokuwa anatafutwa kwa kuvunja masharti, mama yake alitoroka naye mpaka Mexico, wakakamatwa Puerto Vallarta, mji wa watalii baharini. Kahama ya matajiri, nilimwambia fundi.

Sasa mimba. Hapa nitakuwa mkali, na asiyependa asamehe.

Binti wa shule akipata mimba na mhusika akajulikana, kinachotokea mara nyingi ni kikao. Wazee wa huku na wazee wa huku. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inasema aliyempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni miaka 30 jela. Kila mtu anaijua hiyo thelathini, ipo midomoni kama bei ya sukari. Na kwa sababu ni kubwa hivyo, inatumika kupandisha dau. Upande wa kijana unatishika nayo moyoni, upande wa binti unatishia nayo mdomoni, mpaka wafikie ng'ombe kadhaa na hela ya matunzo mpaka ajifungue. Kisha wanakuja kwangu wanataka hati: upande wa kwanza, upande wa pili, mashahidi, muhuri.

Hiyo sichapi. Nawaambia jinai mlalamikaji wake ni Jamhuri, nyinyi wote ni mashahidi tu, na karatasi hii ikifika mezani kwa mwendesha mashtaka ndiyo itakayowafunga. Wengine wananishukuru. Wengi wanakwenda duka la pili.

Wote waliomo kwenye kikao kile ni wazazi wanaolinda. Wa kijana wanamlinda kijana na jela. Wa binti wanasema wanamlinda binti na aibu, asisimame mahakamani kuulizwa maswali. Nimeangalia rasimu zao walizoandika kwa mkono. Kipengele cha ng'ombe kina idadi, rangi na siku ya kukabidhi. Kuhusu shule ya binti, hakuna mstari. Miaka yote kabla ya Novemba 2021 hata kungekuwa na mstari usingesaidia, maana aliyejifungua hakurudi kwenye shule ya serikali. Tarehe 24 mwezi huo ndipo Serikali ilipotangaza kwamba anaruhusiwa kurudi. Leo mlango upo wazi, lakini wa kumlea mtoto asubuhi ili mama yake awahi namba anatakiwa apatikane nyumbani, na hilo ndilo lingestahili kuandikwa badala ya rangi ya ng'ombe.

Kijana mwenyewe? Yupo Kahama.

Halafu wapo wanaokuja na makosa madogo, ambayo yananifurahisha kidogo, nikiri. Baba mwenye shati la kunyooshwa, gari kapaki juu ya mtaro, anatoa ripoti ya shule ya mwanawe: hisabati 38. Anauliza kama 3 inaweza kuwa 8. Ripoti hiyo haikuwa inakwenda popote. Alitaka kumwonyesha bibi wa mtoto, aliyelipa ada. Nilimrudishia. Lakini usidhani huo ni ujanja wa watu wa chini. Mwaka 2019 Marekani waliwafungulia mashtaka wazazi wenye majina na mali kwa kununua nafasi za vyuo. Mwigizaji Felicity Huffman alikiri kulipa dola 15,000 majibu ya mtihani wa binti yake yasahihishwe, akahukumiwa kifungo cha siku 14. Wengine walipiga watoto wao picha kwenye mashine za mazoezi ya kupiga makasia, waonekane ni wanamichezo wa mashua, wakati hawajawahi kushika kasia. Fikiria kijana wa kisiwa cha Ukara anayesoma habari hiyo, yeye ambaye kasia kalishika kabla ya kalamu. Na ukumbuke kwamba kila nafasi iliyonunuliwa ilikuwa na mtoto mwingine aliyeandikiwa kwamba hakuchaguliwa, bila kuambiwa kwa nini.

Niseme la shati.

Waliingia watu wanne: baba, rafiki wa baba aliyekuwa msemaji zaidi, mwana wa baba, na kijana wa kazi wa nyumbani kwao. Usiku wa kuamkia siku hiyo gari la baba lilikuwa limegonga pikipiki, abiria kavunjika mguu, na aliyekuwa anaendesha ni mwana, hana leseni, kakaribia kwenda chuo. Hawakuniambia hivyo. Walitaka nichape maelezo, kwa nafsi ya kwanza, ya yule kijana wa kazi, kwamba alichukua funguo bila ruhusa.

Kijana wa kazi alikuwa amevaa shati jipya. Mikunjo ya kwenye boksi bado ilikuwa imesimama, mmoja wima kifuani, miwili ya kulala, na chini ya kola kulikuwa na kale kaplastiki wanakowekea kushikilia umbo; hakuna aliyemwambia akatoe. Nilimuuliza yeye, si wao, gari lenyewe ni la gia au otomatiki. Akamwangalia baba mwenye nyumba. Rafiki wa baba akacheka, akasema tuendelee, muda unakwenda. Mwana alikuwa pembeni anatazama kalenda yangu ya ukutani.

Nikawaambia printa haina wino. Walielewa, wakatoka. Maelezo yalichapwa kwingine na kijana wa kazi akakiri. Faini ililipwa na baba, hilo alitimiza. Kabla ya faini kulikuwa na siku za mahabusu, kwa sababu mdhamini hakupatikana upesi, na mdhamini hakupatikana upesi kwa sababu hakuna aliyekuwa anamtafuta kwa kasi ile anayotafutiwa mtoto wa kuzaa. Mama yake yuko kisiwani. Alipata habari baada ya kila kitu kwisha, pamoja na bati kumi za shukrani.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu, na nadhani hata wale kina mama wa barua wangekubali. Yule baba hakufanya lolote ambalo hasira ya umati ilimlazimisha. Alikuwa na hela ya wakili, ya faini na ya matibabu ya aliyevunjika mguu. Mwana angesimama mbele ya hakimu akakiri, chuo kingemsubiri. Alichokosa kukivumilia ni kuona jina la mwanawe kwenye jalada, akachukua la mwingine.

Kuna kisa cha Eli, kuhani, kwenye kitabu cha kwanza cha Samweli. Wahubiri wanapenda kukitumia kwa habari ya malezi: wanawe Hofni na Finehasi walikuwa wanawanyang'anya watu nyama ya sadaka, mtumishi wao anakuja na uma wa meno matatu, na baba aliwasemesha tu asiwazuie. Mwisho tunaukumbuka, wana wanakufa siku moja vitani na mzee wa miaka tisini na nane anaanguka kutoka kitini anavunjika shingo. Tunachopita mbio ni hesabu ya vita hiyo. Walianguka askari wa miguu elfu thelathini. Elfu thelathini hao hawakugusa nyama ya mtu, na kila mmoja alikuwa na mama yake. Fundi, ambaye ni Mwislamu, yeye hunijibu kwa Nabii Nuhu, aliyemwombea mwanawe gharika ikipanda na akaambiwa huyo si katika watu wako. Tukifika hapo kwa kawaida mteja anaingia.

Sitamaliza bila kumtaja mzee mmoja wa mwalo, kwa sababu yeye ananitatiza. Doria iliwakuta vijana na kokoro, nyavu ya kukokota ufukweni iliyopigwa marufuku, na sangara wachanga, wale wasiofika sentimita 50 ambao sheria inakataza kuwavua. Mwanawe alikuwamo. Mzee akajitokeza kusema nyavu ni zake na aliyewatuma ni yeye. Alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, mikono inamtetemeka mpaka nikamsaidia kuitoa kadi kwenye pochi. Mtu wa mikono ile hajavuta kokoro siku nyingi. Nikamuuliza kwa nini anajitwisha.

"Ni zangu kweli," akasema. "Nilizishona mimi, na kuvuta nilimfundisha mimi, akiwa hajafika kiunoni kwangu. Sasa wamkamate yeye kwa lipi?"

Alitozwa faini, akauza ng'ombe wake, si wa mtu. Kisheria alidanganya kuhusu aliyekuwa kwenye maji siku ile. Lakini bili ilikwenda nyumbani kwake, mezani kwake, kwa jina lake, na nikijaribu kumweka kapu moja na baba wa shati siwezi. Mwanawe sasa ni bodaboda Kisesa. Sijui kama amejifunza, na mzee hakusema alifanya hivyo ili ajifunze.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu ukija dukani, ujue ninachokifanya. Kama mtoto wako hajafika kumi na nane nitakuambia usimpakie basi, nenda naye kituoni mwenyewe, omba aitwe afisa ustawi wa jamii, na dhamana usimlipe mtu, dhamana haiuzwi. Barua ya msamaha nachapa, ila siku hizi namwita kijana aketi kwenye stuli anitajie mwenyewe, na mama anakaa kwenye benchi. Zinatoka fupi. Wengine wanaandika mistari miwili na hakuna shetani. Cheti sigusi, ripoti sigusi, hati ya ng'ombe sichapi. Na maelezo ya mtu nachapa tukiwa wawili tu dukani, yeye na mimi, wenye magari wakisubiri nje.